Ndizi za Nyumba ya Kirolirwe

Habari ilinikuta kambini Kitshanga, nikichambua maharagi. Mutoto wangu wa mwisho, mwanamuke, alipiga kwenye telefone ya jirani. Wamepata nyumba Kirolirwe, akasema. Si kibanda cha plastiki. Nyumba ya mbao, vyumba viwili, na manjanja juu, yale mabati mapya yanayoumiza macho jua likiwaka.

"Mama, tumepata kwetu. Njoo uione."

Nilimuuliza mara moja tu: "Ni yenu?"

"Ni yetu, Mama."

Basi. Mimi si muntu wa kupiga vigelegele. Nilirudisha telefone, nikakaa tena kwenye maharagi yangu, na nyuma ya muda nikaona nimechanganya mabovu na mazuri. Nikaanza upya.

Lazima niseme mbele namna mambo yalivyokuwa, ili muntu asidhani nilikuwa mama muzuri aliyepata bahati mbaya. Mutoto huyo na bwana yake walikaa nami kambini, mustari wa pili nyuma ya vyoo, tangu tulipokimbia shamba letu karibu na Kashuga. Mukwe wangu ni muntu wa kazi na maneno machache. Kwetu, mukwe mwanaume na mama ya bibi yake hawasemezani uso kwa uso. Akiwa na jambo anamuambia bibi yake, na bibi yake ananiambia mimi, hata kama sisi wote tunaota moto mumoja. Ni heshima. Lakini heshima hiyo ilinipa mimi nafasi ya kusema kwa sauti vitu ambavyo yeye hakuweza kujibu. Siku moja kwenye bomba la maji, mbele ya wanawake wengi, nilisema: "Wengine wanaozesha watoto, wanapata wakwe wenye nyumba. Mimi nilipata mukwe mwenye kofia tu."

Watu walicheka sana. Yeye alikuwa pale, na bido mbili, yale madumu ya maji, mikononi, na kofia kichwani. Alijaza bido zake, akaondoka. Juma lile lile alitoka kambini kutafuta kazi upande wa ng'ombe. Miezi ikapita, akaita bibi yake na watoto. Kisha ndiyo hii habari ya nyumba.

Nilijiambia: unaona, ulimuchoma kidogo, amekuwa mwanaume. Nilijisifu.

"Utawapelekea nini?" jirani yangu akaniuliza. Jirani huyu ni mama muzee kama mimi, wa Walikale, mutoto wa wawindaji wa porini. Tunagombana kila siku, na hatuwezi kula mumoja bila mwingine.

"Bado sijui."

"Peleka sufuria."

"Sufuria yuko nayo."

"Peleka rido, pazia ya mulango, yenye maua. Kila muntu akipita ataona kama mama yake si mushenzi."

"Rido inachafuka."

"Basi kuku."

"Kuku watanichinjia mimi siku ile ile, kwa sababu njo mimi mugeni. Nitakuwa nimejibebea chakula changu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kwetu," akasema, "muntu akiingia nyumba mpya tunamuletea nyama iliyokaushwa kwa moshi. Na muzee wa ukoo anaita kwanza wale waliotangulia, anawaambia mutoto wenu amehama. Hata kama muzee mwenyewe ni dyakoni. Sasa ninyi watu wa milima munapeleka nini? Viazi?"

"Ndizi," nikasema. Na niliposema, nilijua njo hiyo.

Nimefikiri sana juu ya vitu katika maisha yangu, kwa kuwa nimevipoteza vingi. Sufuria niliikimbia nayo, wakaichukua njiani. Mbuzi nilimukimbia naye, wakamuchukua njiani. Godoro nililiacha, nikalia, na nililolipata kambini likanyanganywa pia. Kila kitu ambacho muntu anaweza kubeba, mwingine anaweza kukibeba. Mugomba haubebeki. Unakaa pale ulipopandwa, unazaa watoto wake miguuni pake, na watoto wao wanazaa. Kwetu, mama ya mwanamuke njo anapeleka miche mitatu ya ndizi toka shamba lake mwenyewe, anaipanda nyuma ya jiko, pale maji ya kuosha vyombo yanamwagwa. Mumoja wa kupika, mumoja wa watoto kula mbivu, mumoja wa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Mama yangu aliniletea mitatu nilipoingia nyumba yangu ya kwanza. Toka ile mitatu nilipata shamba zima, ukisimama katikati huoni jua.

Na kuko jambo lingine, ambalo kila mutoto wa Masisi analijua mbele ya kujua kusoma. Muntu akikuazima shamba anakuambia: maharagi ndiyo, viazi ndiyo, mahindi ndiyo, ndizi hapana. Maharagi unavuna, unaenda zako. Lakini mwenye kupanda ndizi amesema: hapa ni kwangu. Wazee wakikata shauri la shamba, neno la kwanza wanauliza ni nani alipanda migomba. Kwa hiyo mama hapeleki ndizi kwenye nyumba ya kuazimwa. Njo maana nilimuuliza mutoto: ni yenu?

"Na ulimuuliza mara moja tu?" jirani akasema.

"Mara moja inatosha kwa muntu niliyemuzaa."

 Nilikuwa nataka kwa mutoto huyu jambo moja tu, na sikuficha: apate mahali ambapo hakuna atakayemuambia simama, ondoka. Mimi mwenyewe nilikwisha kuacha kutumaini. Kwa yeye, nilitumaini kidogo.

Ndizi nilikwenda kuzitafuta Kashuga, nusu ya njia kwa moto, ile pikipiki ya kukodi, na nusu kwa miguu. Shamba langu liko juu kwenye kilima. Tangu tukimbie nilikuwa sijalikanyaga. Nilikuta ndani muntu analima, mwanaume wa makamo, shati lake limefungwa kiunoni.

"Karibu, Mama. Unatafuta nini?"

"Natafuta ndizi zangu."

Akaegemea jembe. "Zako namna gani?"

"Nilizipanda. Lile shina karibu na jiwe, kitovu cha mutoto wangu wa kwanza kiko chini yake."

Aliangalia jiwe, kisha akaangalia miguu yangu yenye matope. "Na mimi nilifukuzwa kwetu," akasema. "Waliniambia kama hapa hakuna muntu."

"Kuko muntu."

"Sasa naona."

 Niliangalia shamba. Alikuwa amepanda maharagi, viazi vitamu, mahindi kidogo pembeni. Hakuna mugomba mupya hata mumoja.

"Hukupanda ndizi," nikamuambia.

"Nitapandaje ndizi kwa watu?"

Jibu hilo lilinipendeza, na mimi watu hawanipendezi haraka. Nililala kwa miaka na mawazo kama yule aliye shambani mwangu ni mwizi, na mwizi huyo alikuwa anajua sheria kuliko wengi kanisani. Lakini hakusema atatoka. Na mimi sikumuambia atoke. Angekwenda wapi? Na mimi ningelala pale na nani, kwa barabara ile na wale wenye bunduki? Niliomba ruhusa ya kuchimba mbegu ya ndizi ambayo nilipanda kwa mukono wangu, na yeye akanipa. Njo hivyo dunia iko.

Shamba lenyewe lilikuwa limekufa. Ule ugonjwa wa ndizi ulipita: majani yanakuwa ya manjano, yanaanguka, na ukikata shina linatoa usaha kama kidonda. Nilikata hapa, usaha. Nilikata pale, usaha. Lile la karibu na jiwe njo pekee lilikuwa jeupe ndani, safi. Nikachagua miche yenye majani membamba kama mukuki, kwa sababu ile yenye majani mapana inadanganya macho, haina nguvu. Nikapata mitatu, yote ya kupika. Ya watoto na ya kasiksi haikuwako tena. Nikapunguza mizizi, nikakata majani juu, nikafunga kila muche na majani makavu na kamba.

Yule mwanaume alitaka kunibebea mpaka barabarani. Nikakataa. Sikutaka kumushukuru.

Motari aliyenipeleka Kirolirwe alikuwa baba wa watu, ndevu nyeupe. Aliona vile vifurushi vitatu vimefungwa shingoni na miguuni, akasema: "Mama, wagonjwa hawa tunawapeleka hospitali gani?"

"Wewe endesha."

"Ninaendesha. Lakini yule wa katikati, hali yake si nzuri."

Nilicheka. Ninaandika hilo kwa sababu ni mara ya mwisho nilicheka katika habari hii.

Kirolirwe ni nchi ya ng'ombe. Vilima vyote ni majani mafupi, kijani kama kitambaa kimetandikwa, na waya ya miiba inapanda na kushuka mpaka macho yanachoka. Nyumba ya mutoto ilikuwa katika mustari wa nyumba nane, zote za mbao, zote sawasawa, zikiangalia barabara. Nyuma yao waya, nyuma ya waya ng'ombe. Nilipoteremka kwenye moto, wajukuu walikimbia, mutoto akatoka akijipangusa mikono. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinikumbatia. Kisha akaona vifurushi.

"Mama, umeleta nini?"

"Unaona."

 Alichukua vifurushi akaviweka chini ya ukingo wa manjanja, upande wa nyuma, pale ambapo muntu wa barabarani haoni. Nilifikiri anazikinga na jua.

"Ungeleta tu sabuni, Mama," akasema pole pole.

"Sabuni inaisha."

Nilitembezwa nyumbani. Niligonga mbao na kidole, niliangalia misumari, nilijaribu mulango kama unafunga. Unafunga. Kulikuwa na meza. Kulikuwa na dirisha lenye ubao wa kufunga na kufungua. Nilikaa kwenye kiti na nikasikia mugongo wangu unapumzika kwenye kitu kigumu, si plastiki inayopigwa na upepo. Mukwe alikuja, akasimama nje ya mulango wa nyuma, akavua kofia. Alimuambia bibi yake: "Muambie Mama tumefurahi amefika." Mutoto akaniambia tumefurahi umefika. Nikasema: "Muambie nimeona nyumba. Ni nyumba."

Kwangu mimi hilo lilikuwa neno la kuomba musamaha. Sijui kama alilielewa hivyo. Aliangalia chini, kwenye vifurushi, akaondoka.

Nikauliza tunapanda saa ngapi. Mutoto akasema kesho. Kesho yake akasema mvua haijanyesha ya kutosha. Mvua ilinyesha, akasema udongo umekuwa matope, tungoje. Siku ya tatu miche ilianza kulegea, nikaweka kidole kwenye shina na kikaingia.

"Zinakufa," nikamuambia.

"Tutapanda, Mama. Leo niko na kazi."

"Kazi gani hiyo munaenda nayo, wewe na bwana yako pamoja?"

"Kazi kidogo."

Akachukua jembe dogo, wakaenda, wote wawili, kupitia waya. Mimi sikuwa kipofu. Nilikwisha kuona kama nyuma ya zile nyumba nane kulikuwa maharagi, maharagi, na maharagi. Kabichi chache. Hakuna jani moja la ndizi tangu mwanzo wa mustari mpaka mwisho. Nililiona kila siku nikienda chooni. Lakini muntu anaweza kuona kitu na kukataa kukihesabu. Nilijiambia ni watu wavivu. Nilijiambia ni nchi ya baridi. Kwenye kilima cha pili kulikuwa migomba, kwenye baridi ile ile.

Nikachukua jembe kubwa. Nilichimba mashimo matatu nyuma ya jiko, marefu kufika goti, kwa sababu mashimo mafupi ni dharau. Nilitia mavi ya ng'ombe na majivu. Nikapanda miche yangu, nikakanyaga udongo kwa kisigino, nikamwagilia maji ya vyombo. Ilikuwa muchana mweupe, watu wote wakipita. Sikujificha. Kwa nini nijifiche?

Mwanamuke wa nyumba ya pili alikuwa anaanika nguo. Alisimama na nguo mukononi.

"Mama, jambo."

"Jambo, mwanangu."

"Hizo ndizi, kapita alikubali?"

"Kapita gani?"

"Kapita wa ng'ombe. Msimamizi."

"Kapita wa ng'ombe anahusika nini na ndizi za mutoto wangu?"

Aliangalia kulia na kushoto. Alikuwa na huruma, na nilimuchukia kwa huruma ile. Akaniambia. Nyumba nane zote ni za mwenye ng'ombe, anayekaa Goma. Amewajengea watu wake wa salongo. Salongo njo hii: unakaa kwenye nyumba yake na kulima kipande kidogo nyuma ya jiko, na wewe unamufanyia kazi siku mbili kila juma bila malipo, unakata majani mabaya, unatengeneza waya, unabeba chumvi ya ng'ombe. Hakuna karatasi. Anaweza kukuambia utoke kesho. Na sharti la kwanza, siku wanakupa ufunguo, ni usipande ndizi.

"Zing'oe, Mama," akasema. "Kapita anapita saa tisa kuhesabu ng'ombe. Bado kuko muda."

Kweli, kulikuwa na muda. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Ningechukua jembe lile lile, mashimo matatu, kazi ya dakika chache tu. Ninarudi kila siku kwenye saa zile. Sikung'oa. Nilileta kiti, nikakaa karibu na ndizi zangu, jembe juu ya magoti. Nilitaka mutoto wangu arudi na anieleze kwa mudomo wake. Nilitaka mukwe aone kama nimejua. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa tamu, na nilikaa nayo kama muntu anayekula.

Mutoto alirudi kwanza, peke yake, waya imemukata mukono. Aliona kiti, akaona ndizi zimesimama.

"Mama, simama," akasema. "Nipe jembe."

"Uliniambia ni yenu."

"Nipe jembe, kapita anakuja."

"Uliniambia ni yenu. Nilikuuliza."

"Ningekuambia nini?" Hakupaza sauti. "Ulimutukana kwenye bomba. Mbele ya watu wote. Alirudi kwenye kibanda siku ile akakaa bila kula. Akasema, nisipopata nyumba mama yako atanizika na hii kofia. Tumekuja huku, wametupa hii. Iko na mulango. Watoto wanalala pakavu. Ungesikia kama ni ya salongo ungesema nini? Sema. Ungesema nini?"

Nilijua ningesema nini. Nilikuwa na neno tayari hata wakati ule. Nililimeza, na kapita akafika.

Hakuwa muntu mubaya. Ningependa kusema alikuwa mubaya, lakini hapana. Mwanaume wa buti za plastiki, fimbo, telefone shingoni kwenye kamba. Alisalimia vizuri. Akaangalia ndizi kwa muda mrefu.

"Nani amepanda?"

"Mimi," nikasema.

"Na wewe ni nani, Mama?"

"Mama ya huyu."

"Mama, hapa tunapanda maharagi."

"Sikujua."

"Yeye alijua. Na bwana yake alijua." Mukwe alikuwa amefika nyuma yake. Alipita kati yetu bila kumuangalia muntu, akashika muche wa kwanza akang'oa, akashika wa pili akang'oa, akashika wa tatu. Udongo ulikuwa bado laini, hazikumusumbua. Akazitupa juu ya waya, upande wa ng'ombe. Kapita akatikisa kichwa.

"Kung'oa si kitu," akasema. "Nyumba nane zimeona. Nikinyamaza leo, juma linalokuja kila muntu atakuwa na mugomba wake, na mwaka ujao mutaenda kwa wazee, museme sisi njo tulipanda. Ilikwisha kutokea kule chini. Aliyekuwa kapita wa kule sasa anauza mikate barabarani."

"Nifukuze mimi," nikasema. "Mimi si wa hapa. Wao hawakugusa."

"Mama, wewe hauko kwenye liste yangu. Nitakufukuza wapi?"

Nilipiga magoti. Ninaliandika kwa sababu lilitokea. Sijawahi kupigia muntu magoti nje ya kanisa, hata wale wa bunduki. Nilipiga magoti kwenye udongo ule wenye mavi na majivu, na mutoto wangu akaangalia pembeni. Kapita akarudi nyuma hatua mbili.

"Simama, Mama. Unanipa aibu. Nitamupigia mwenye ng'ombe, nitamuambia ulikuwa mugeni. Nitasema vizuri."

Alisema vizuri, ninaamini. Alipiga palepale, mbele yetu, kwa Kinyarwanda, na mara mbili nilisikia neno la muzee mwanamuke. Akasikiliza. Akasema ndiyo, ndiyo. Akafunga telefone.

"Amesema mpaka jumapili."

Mukwe alivaa kofia yake. Na hapo akageuka akanisemeza mimi mwenyewe, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu amuoe mutoto wangu.

"Mama, kama ungeniuliza mimi, ningekuambia," akasema.

 Kwa desturi yetu singeweza kumuuliza, na yeye alijua hivyo, na alisema kweli tu.

Jumapili walitoka. Hawakuwa na vya kubomoa, kwa sababu mbao na manjanja na mulango ni vya mwenye ng'ombe, hata meza. Walibeba walichokuja nacho. Watoto waliuliza tunaenda wapi, na mukubwa wao akawaambia kwa Bibi, na wadogo wakafurahi. Maharagi yalikuwa yamebakiza majuma matatu kukomaa. Kapita alisema wangoje, atawaruhusu kurudi kuvuna, kisha akasema hapana, mwenye ng'ombe amekataa, wale wanaoingia watahitaji.

Sasa tuko saba chini ya plastiki moja. Nafasi yao ya zamani nyuma ya vyoo ilikwisha kupewa watu wengine, na jina lao halikuwa tena kwenye liste ya kambi. Yule mwenye kuandika liste aliniambia waliotoka kwa mapenzi yao wanaanza mwanzo. Jirani yangu wa Walikale alipotuona tunafika hakuuliza zawadi ilipokelewa namna gani. Alileta makaa ya moto kwenye kipande cha bati, akayaweka kwenye jiko letu, akakaa. 

Mukwe ananisemeza kila siku sasa. Ananiambia sogea, Mama, ananiambia maji yamekwisha. Anasema kwa adabu. Chini ya plastiki ndogo hakuna namna nyingine, watu saba hawawezi kupitisha maneno kwa muntu wa tatu. Lakini mimi ninajua kitu kilichokuwa kimesimama kati yetu kimeanguka, na si kwa sababu tumekuwa marafiki. Mutoto naye hajanikaripia. Ningependa anikaripie. Ananipakulia chakula kwanza, kama zamani, anaondoka.

Hana mahali pengine pa kwenda. Nilizeeka nikifikiri ya kwamba mama akiwa mukali, watoto wake wanasimama wima. Wamesimama wima wapi? Nimehesabu wanangu wote, wale walio hai na wale wasioko, na sioni hata mumoja aliye na udongo chini ya miguu yake ambao ni wake. Si ukali wangu ulioleta vita, ninajua. Lakini ile nyumba haikuchukuliwa na vita. Walikuwa wanakaa pakavu. Mimi njo niliwatoa, kwa mikono yangu, kwa zawadi niliyoichagua vizuri kuliko zawadi zote nilizowahi kutoa.

Juma lililopita mutoto alikwenda upande ule tena kutafuta kazi ya kupalilia. Hakupata. Alirudi amechoka, akakaa, akaanza kumenya viazi pamoja nami. Tulimenya kidogo.

"Nilipita pale," akasema. "Kuko watu wapya. Bwana na bibi na mutoto mudogo."

"Mm."

"Yale mashimo yako matatu, wamepanda maharagi ndani."

Nilimenya.

"Yameota vizuri kuliko ya watu wote," akasema. "Kwa sababu ya mavi na majivu. Yule mwanamuke alikuwa anayamwagilia."

Sikumuuliza kama alimusalimia.